Mlinzi wa Msitu na Barua Mbili

Kaeni, ndugu zangu. Na ninyi mliosimama pale barazani, ingieni, nafasi ipo. Padre hatafika leo. Gari lake limenasa kwenye tope kule bondeni, amenipigia simu asubuhi akasema, "Katekista, waongoze mwenyewe." Mimi sina mahubiri ya kupangwa. Nina mtu mmoja tu wa kuwasimulia. Nimekuwa naye kichwani wiki nzima, na kusema kweli sina hakika kama nimemwelewa. Tumtazame pamoja.

Mtu huyu alikuwa mlinzi wa msitu. Tumwite Fulgensi. Kijiji chake kilikuwa cha milimani kama hiki chetu, ila si hiki chetu, kwa hiyo msianze kutazamana. Juu ya kijiji kulikuwa na msitu wa hifadhi, mali ya serikali, na ndani ya msitu ule kulikuwa na chemchemi. Maji ya kijiji kizima, ya shule, ya zahanati, ya migomba ya bondeni, yote yalitoka pale. Kijiji kilimchagua Fulgensi kwenye kamati ya maliasili, akapewa buti, koti la mvua na kitambulisho chenye picha. Kazi yake ilikuwa kuzunguka msitu na kuhakikisha hakuna anayekata mti. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Hakuwa mla rushwa. Nataka mlijue hilo mapema, maana mkisikia yatakayofuata mtadhani nawaeleza habari za mtu mbaya.

Siku moja walifika wataalamu kutoka wilayani na makopo ya rangi nyeupe. Wakazunguka chemchemi, wakachora pete nyeupe kwenye kila mti mkubwa. Wakaitisha watu, wakasema, "Mti wenye pete hii haukatwi. Huu ndio unaoshika maji yenu. Atakayeugusa, jela." Maneno mafupi, yanaeleweka. Hata watoto wa darasa la pili walijua, pete nyeupe usiguse.

Miaka mitatu ikapita. Wilayani wakabadilishana ofisi. Waliokuwa wa misitu wakahamishwa, wakaja wengine, na hao wengine wakapanda mlimani na rangi nyekundu. Wakapiga alama ya X kwenye miti. Sasa ninyi mnajua X nyekundu ina maana gani. Ikipigwa kwenye ukuta wa nyumba yako, unaanza kutoa vitanda nje. Lakini mtini? Fulgensi aliwafuata siku nzima, akaona wanapiga X hata kwenye miti yenye pete nyeupe. Akamwendea ofisa aliyewaongoza, kijana mpole, mwenye adabu, akamuuliza.

"Samahani, afande. Mti huu una pete nyeupe, na sasa una X. Niulinde au niuache?"

Yule kijana akauangalia mti, kisha akaangalia karatasi zake. "Hii ni sensa ya miti tu, mzee wangu. Tunahesabu."

"Kwa hiyo nilinde?"

"Wewe endelea na kazi yako kama kawaida. Maelekezo yataletwa."

Maelekezo hayakuletwa. Fulgensi akaendelea kama kawaida, lakini ile kawaida yenyewe haikuwepo tena. Alipita chini ya miti ile kila siku akiinua macho. Mkewe akimuuliza mbona chakula hakimshuki, anajibu, "Nalinda kitu ambacho sijui kama bado kinalindwa."

Kama hiyo haitoshi, mwaka uleule waliletwa watu wa kupima mipaka. Mpaka wa zamani ulikuwa jiwe kubwa jeusi, kila mtu alilijua. Wapimaji wakafukia bikoni za zege, vigingi vya mpaka, nyingine upande wa juu wa jiwe, nyingine upande wa chini, na upande mmoja mashamba ya watu yakawa ndani ya hifadhi. Watu wakamuuliza mwenyekiti wa kijiji, naye akasema, "Hata mimi nimeona tu kama ninyi. Nimeandika barua, nasubiri majibu." Wakamuuliza Fulgensi. Fulgensi akasema, "Tusubiri." Mtu mmoja akalima mpaka kwenye jiwe, mwingine akaogopa akaacha ekari yake ikawa pori. Kijiji kizima kilitembea kwa kubahatisha.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Leokadia.

Leokadia alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wa Fulgensi, kwa hiyo waliitana shemeji. Mvua za masika zilibomoa ukuta wa jiko lake, paa likalala upande. Mama huyu akachukua panga, akapanda kwenye kipande kilichokuwa shamba la mumewe, kati ya jiwe na bikoni, akakata miti miwili myembamba, unene wa mkono wangu huu. Nguzo mbili. Alikuwa anaivuta ya pili Fulgensi alipomkuta.

"Shemeji," Fulgensi akamwambia, "umekata ndani ya hifadhi."

"Hifadhi ipi? Hapa ndugu yako amelima mihogo miaka ishirini. Hata wewe umekuja kula mihogo ya hapa."

"Bikoni iko kule chini, shemeji."

"Na jiwe liko hapa juu. Niambie wewe unayevaa kitambulisho, mpaka ni upi? Ukiniambia nimekosa, nitaiacha hapa hapa niende zangu."

Ndugu zangu, hebu tusimame hapo. Mama huyu hakubisha. Aliuliza. Na yule aliyeulizwa hakujua. Jibu la kweli lilikuwa fupi: "Shemeji, sijui." Mngemshauri aseme nini? Mbona mko kimya?

Fulgensi hakusema hivyo. Alikuwa amechoka kutojua. Kwa miezi mingi watu walimuuliza maswali akakosa majibu, na wengine walianza kumcheka kwamba buti ni za serikali lakini kichwa ni chake mwenyewe. Akaona hapa angalau pana kitu kimoja kilicho wazi: mti umekatwa, na aliyeukata amesimama mbele yake. Akakaza sauti, akamwambia, "Mpaka ni bikoni. Twende ofisini."

Kutoka ofisi ya kijiji Leokadia akapelekwa kata, kutoka kata akapelekwa polisi, na wiki ya pili akasimama mahakamani kwa shitaka la kukata miti ndani ya hifadhi bila kibali. Fulgensi akaitwa kuwa shahidi. Akaapa kusema kweli. Hakimu akamuuliza jambo moja tu. "Shahidi, mahali miti hiyo ilipokatwa ni ndani ya hifadhi au nje?"

Fulgensi akamtazama shemeji yake, naye alikuwa akimtazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuelezwa.

"Ndani, mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Miezi mitatu jela. Leokadia akaondolewa na kanga yake ileile aliyokuja nayo. Majirani wakagawana kuku wake wa kutunza, na shamba lake likaliwa na ngedere kwa kukosa mtu wa kuwafukuza.

Yeye akiwa gerezani, yakapanda mlimani malori mawili na watu wenye misumeno ya mashine. Fulgensi alisikia mngurumo akiwa upande wa pili wa mlima, akakimbia mpaka akapoteza kofia. Akakuta mti wa kwanza uko chini. Ulikuwa na pete nyeupe na X nyekundu. Akasimama mbele ya lori akanyoosha mikono.

"Zimeni mashine! Huku ni chanzo cha maji!"

Dereva akashuka taratibu, akatoa karatasi kwenye bahasha ya khaki. "Kibali hiki hapa, mzee. Muhuri huu, saini hii. Miti yote yenye X."

"Lakini ina pete nyeupe!"

"Mimi pete sijaambiwa. Nimeambiwa X."

Fulgensi akaisoma karatasi mara tatu. Ilikuwa halali kama karatasi nyingine yoyote aliyowahi kuiona. Akapanda pikipiki siku ileile kwenda wilayani.

Ofisi ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya maji. Mkubwa wa pale alipigwa na butwaa. "Nani ametoa kibali kwenye chanzo cha maji? Haiwezekani!" Akaandika barua papo hapo: uvunaji usimame mara moja. Akapiga muhuri. Fulgensi akatoka pale mwepesi. Akavuka ua, akaingia ofisi ya misitu, awaonyeshe. Mkubwa wa huku naye akaisoma ile barua, akatikisa kichwa. "Hawa wa maji hawana mamlaka juu ya miti. Mti ni wa huku." Naye akaandika barua: mlinzi wa kijiji asiingilie uvunaji wenye kibali. Akapiga muhuri.

"Sasa mheshimiwa," Fulgensi akamuuliza, "nifuate ipi?"

"Fuata utaratibu."

"Utaratibu upi?"

"Uliopo."

Mnacheka. Na mimi nilicheka nilipofika hapo. Lakini mfikirieni mtu mzima, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya serikali, barua moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, tarehe moja, mihuri ya wino uleule wa bluu. Moja inamwambia zuia, nyingine inamwambia usizuie. Alikaa pale mpaka mlinzi wa geti akaja kumuuliza kama anaumwa.

Alirudi mlimani na barua zote mbili kwenye mfuko wa plastiki. Akawaonyesha wenye misumeno. Mmoja wao akazisoma, akacheka mpaka akakaa juu ya gogo. "Basi tufanye hivi, mzee. Asubuhi tukate, mchana tusikate." Wakaendelea.

Wiki ya nne maji ya chemchemi yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya sita yakawa uzi. Wanawake walianza kupanga ndoo tangu alfajiri, mpaka wawili wakapigana, ndugu wa damu, kwa sababu ya zamu. Zahanati ikawa inamwambia mama anayekuja kujifungua aje na dumu lake la maji. Na maneno yakawa mengi. Wengine walisema serikali imeuza msitu. Wengine walisema si serikali, ni mwenyekiti. Mwenyekiti akasema ni wilaya. Wilaya walipopigiwa simu wakasema, "Sisi tulitekeleza tu maombi." Maombi ya nani? Simu ikakatika. Wapo waliosema Fulgensi mwenyewe amekula na wenye malori, na mtoto wake akapigwa mawe shuleni. Kila mtu alikuwa na hasira na hakuna aliyejua aielekeze wapi.

Neno lile, "maombi," lilimkaa Fulgensi moyoni kama mwiba. Maombi ya nani? Akashuka tena wilayani. Safari hii hakwenda kwa wakubwa. Alikwenda masjala, kule wanakohifadhi majalada, akamkuta mama mmoja karani, amevaa miwani, anakula karanga.

"Dada yangu," akasema, "naomba kuliona jalada la msitu wetu. Nataka kumjua mtu mmoja tu. Aliyeomba miti ile ikatwe."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mlinzi wake."

Yule mama akamtazama sana. Labda hakupaswa kumwonyesha. Lakini akafuta mikono, akatafuta kwenye makabati, akaleta jalada nene, akalifungua juu ya meza. Akasoma, "Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Wananchi kwa kauli moja wameomba uvunaji wa miti ufanyike ndani ya hifadhi kwa maendeleo ya kijiji." Akafunua ukurasa wa pili. "Na hii ni orodha ya walioomba. Watu mia moja na kumi na wanne, wote wametia saini. Jina lako nani?"

"Fulgensi Kobelo."

Kidole cha yule mama kikateremka. Kikasimama kwenye namba tisa.

"Hii si saini yako?"

Ilikuwa saini yake.

Ndugu zangu, Fulgensi aliketi chini. Hakukuwa na kiti, aliketi sakafuni. Aliiangalia ile saini kama mtu anavyoangalia picha yake amelala. Saini ni yake, ile herufi F yenye mkia anayoiandika tangu shule ya msingi. Lakini mkutano wa kuomba miti ikatwe haukufanyika kamwe, hilo alikuwa na uhakika nalo.

Kisha polepole ikamrudia. Mwaka uliotangulia, kabla hata X hazijapigwa, kulikuwa na semina ya mazingira pale shuleni. Wageni walifundisha mambo mazuri ya kutunza vyanzo vya maji, na mchana kulikuwa na pilau. Kabla ya pilau ilipitishwa karatasi ya mahudhurio. Kila mtu aandike jina na saini, apate sahani. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa cha habari, mistari tu. Watu mia moja na zaidi walitia saini na kusogea kwenye foleni. Sasa karatasi ile ilikuwa hapa, imebanwa kwa pini nyuma ya muhtasari ambao hawakuwahi kuusikia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeomba?" akauliza.

"Karatasi inasema ni ninyi," yule mama akajibu, na sauti yake ilikuwa ya huruma.

Fulgensi akaomba kuisoma orodha yote. Mwenyekiti alikuwemo. Walimu walikuwemo. Katekista wa kijiji kile alikuwemo, namba ya tatu, ndugu zangu, alitaka kuwahi pilau. Watu wa kamati yote walikuwemo. Akatafuta jina moja, akalitafuta tena toka mwanzo hadi mwisho. Jina la Leokadia halikuwemo.

Akakumbuka na sababu. Siku ile Leokadia aliichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akasimama akauliza, "Mbona juu hapa hapana maneno? Tunasaini nini?" Mgeni mmoja akamjibu ni mahudhurio tu. Akasema, "Basi andikeni mahudhurio, nami nitasaini." Watu wakaguna. Wakapiga kelele akae. Na mmoja wao, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alimshika bega akamwambia, "Shemeji, unatuchelewesha, chakula kinapoa." Leokadia akaiweka karatasi mezani, akaenda zake nyumbani bila kula.

Msinisumbue kuniuliza aliyemshika bega ni nani.

Leokadia ndiye mtu pekee kati ya wote waliokuwa pale ambaye hakuomba msitu ukatwe. Na ndiye pekee aliyekuwa jela kwa kuukata.

Basi Fulgensi alifanya nini? Alikwenda kwanza kwa hakimu. Alimwambia, "Mheshimiwa, niliapa hapa kwamba nina hakika. Sikuwa na hakika. Mpaka ule hakuna anayeujua." Hakimu alikasirika, kisha akamwambia aandike maelezo yake, yatapelekwa ngazi ya juu. Fulgensi alijua alichokuwa anafanya. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa, na hakimu alimwambia wazi kwamba huenda akashitakiwa. Akaandika vivyo hivyo. Akaacha kitambulisho chake mezani. Mpaka maelezo hayo yanaanza kusogea, Leokadia alikuwa amekwisha maliza kifungo chake.

Siku ya kutoka, Fulgensi alikuwa getini. Mama yule alikuwa amekonda, kanga imepauka. Fulgensi akamweleza yote, tangu mahakamani mpaka masjala, hakuruka kitu. Alipomaliza akasema, "Shemeji, nisamehe."

Leokadia alifunga kanga yake vizuri, akaangalia barabara.

"Sijui, shemeji," akasema. "Nilipokuuliza mpaka, ungeniambia hujui, tungekaa pale chini mimi na wewe tukatafakari. Sasa unataka nikwambie nini? Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nasema tu. Nipe muda." Kisha akasema, "Lakini uliyoniambia, hayafai kubaki kwangu. Waambie wote. Majina yote yataje, na lako."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Fulgensi alikuwa amenakili orodha yote kwa mkono. Akaisoma, jina kwa jina, mia moja na kumi na wanne. Mwanzoni watu walizomea. Wengine walisema, "Tulidanganywa!" na ni kweli, walidanganywa. Wengine walisema, "Tulichanganywa!" na hilo pia ni kweli. Alipofika jina la hamsini hakuna aliyezomea tena. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Nani aliyebana zile karatasi mbili pamoja?" Hakuna aliyejua. Mpaka leo hakuna anayejua. Uchunguzi, wanasema, unaendelea.

Kijiji kikaandika barua mpya, na safari hii iliandikwa mbele ya watu, ikasomwa kwa sauti mara mbili kabla ya mtu kushika kalamu. Wakashuka nayo watu arobaini kwa miguu. Uvunaji ukasimamishwa, miti mingi ikiwa imekwisha kuanguka. Chemchemi haikukauka kabisa; inatoa maji nusu ya yale ya zamani, na foleni ya ndoo ipo hadi leo. Mpaka haujulikani bado. Fulgensi alipewa onyo, si kifungo. Siku hizi ana shamba la viazi, na aliyejenga upya jiko la Leokadia ni yeye, ingawa mama huyo, nasikia, bado hajamwambia neno alilomwomba.

Sasa sisi.

Najua mnataka niseme serikali ina makosa. Ina makosa. Ofisi mbili zilizotenganishwa na ua zinamwandikia mtu mmoja barua zinazopingana, kisha zinafunga saa tisa na nusu zikaenda nyumbani. Aliyebana zile karatasi ni mwizi, hata kama hatumjui, na Mungu anamjua. Wenye madaraka waliomo humu ndani, na mpo, nawaona mabenchi ya mbele, msipige chapa juu ya kitu kisha mkamwambia mnyonge afuate utaratibu. Atafuata wa nani?

Lakini nikiwaacha hapo nitakuwa nimewadanganya. Mambo ya msitu yametuchanganya, ni kweli. Leo uruhusiwe, kesho ukatazwe, msitu wa kijiji, wa wilaya, wa taifa, mimi mwenyewe sijui tena ni wa nani. Ila nimeona kitu kibaya ndani yangu, nami nakisema kwa sababu huenda nanyi mnacho. Kuchanganyikiwa kumenifaa. Nikiwa sijui, siulizwi. Nikiwa sijui, naweza kukaa. Na anayesimama kuuliza namwona msumbufu, namtakia mabaya kidogo, kwa sababu swali lake linaniondolea mahali pa kujificha. Je, si hivyo? Ni mara ngapi tumemwambia mtu humu kijijini, "Kaa chini, unatuchelewesha"? Na ni mara ngapi tumesema "nina hakika" juu ya jirani yetu, tukamwacha aende na maji, wakati kitu pekee tulichokuwa nacho ni uchovu wa kutojua?

Mungu hatatuuliza mbona hatukuyaelewa mafaili ya wilayani. Sidhani. Nadhani atatuuliza kama tulimwambia mwenzetu kweli kiasi kile tulichokuwa nacho, hata kama kweli yenyewe ilikuwa maneno mawili tu, "Mimi sijui."

Sasa tutasimama kukiri imani. Tumeisema kila Jumapili tangu utoto, tunaikimbiza kama watu wanaoogopa mvua, na mwisho tunaitikia amina kwa pamoja, bila hata mmoja kuwaza amekubali nini. Leo nawaomba tuiseme polepole. Kila mmoja asikie neno kabla halijamtoka mdomoni. Na ukifika mahali usipoelewa, nyamaza hapo, usione haya, mimi nitakusubiri. Anayeogopa kuchelewa chakula cha mchana, mlango uko wazi.

Tusimame.